Nani humfundisha anayehesabu kura?

Saa 3 asubuhi. Huo ndio wakati ambao sheria ya Austria iliruhusu bahasha za kura zilizopigwa kwa posta zianze kufunguliwa, siku moja baada ya upigaji kura, mbele ya wajumbe wa tume ya wilaya. Katika duru ya pili ya uchaguzi wa rais, tarehe 22 Mei 2016, zilikuwapo wilaya ambako bahasha zilifunguliwa kabla ya saa hiyo, na nyingine ambako zilifunguliwa na watumishi ambao sheria haikuwapa kazi hiyo. Baadaye wajumbe wakatia saini kumbukumbu iliyosema kwamba kila kitu kilifuata utaratibu. Alexander Van der Bellen alimshinda Norbert Hofer kwa kura 30,863, na kura zilizoguswa na dosari hizo zilizidi 77,000. Tarehe 1 Julai Mahakama ya Katiba iliifuta duru nzima, ingawa haikupata ushahidi kwamba kuna kura iliyochezewa.

Nimeanza na Austria kwa makusudi. Ni nchi yenye fedha, yenye watumishi wa umma waliosoma na mahakama inayoheshimika. Uchaguzi unapoharibika, swali linalotangulia midomoni mwa watu ni "nani ameiba?" Ni swali la haki, na kuna nyakati ambapo lina jibu. Lakini lipo la pili ambalo halipati nafasi redioni wala mikutanoni: yule aliyefungua bahasha, aliyejaza fomu, aliyebeba sanduku, alifundishwa na nani, lini, kwa muda gani, na alipimwa vipi kabla ya kukabidhiwa kazi? Wale wa Austria walikuwa na haraka ya kumaliza hesabu na walikuwa wamezoea njia ya mkato. Sheria ilikuwa imeandikwa, lakini mazoea yalikuwa yamekwenda upande mwingine, na hakukuwa na aliyesimama katikati kuyarudisha.

Makundi mawili yasiyofanana

Maneno "mafunzo ya uchaguzi" huchanganya watu kwa sababu yamebeba makundi mawili ambayo mahitaji yao ni tofauti kabisa.

Kundi la kwanza ni la muda. Humo wamo makarani, wasimamizi wa vituo na wasaidizi wao, na waongozaji wa foleni. Wengi ni walimu, watumishi wa halmashauri, vijana waliomaliza masomo, wastaafu. Huitwa kwa siku chache, hufundishwa siku moja au mbili, hufanya kazi kuanzia kabla ya alfajiri hadi usiku mkubwa, hulipwa, kisha hurudi kwenye shughuli zao. Wengine hawataigusa tena karatasi ya kura kama maafisa mpaka miaka minne au mitano ipite, na wengine hawataigusa tena kabisa. Idadi yao ni kubwa mno. Kwa uchaguzi wa India wa mwaka 2024, wenye wapiga kura wapatao milioni 968 waliojiandikisha, kulikuwa na vituo zaidi ya milioni 1, na maafisa pamoja na walinzi wapatao milioni 15.

Kundi la pili ni la kudumu: wafanyakazi wa tume au wa ofisi za uchaguzi za wilaya na mikoa, wanaotunza daftari la wapiga kura, wanaonunua masanduku na lakiri, wanaobuni karatasi ya kura, wanaoandika miongozo, wanaosimamia mifumo ya kompyuta, wanaojibu kesi mahakamani. Hao ni wachache, na kosa la mmoja wao huzaa makosa elfu moja kwa kundi la kwanza.

Wa muda wanahitaji mazoezi ya mikono: kufanya kitendo kilekile, kwa mpangilio uleule, hata wakiwa wamechoka na wanazongwa na kelele. Wa kudumu wanahitaji taaluma, yaani uwezo wa kuamua jambo ambalo mwongozo haukulitaja. Ukiwafundisha wa muda kama wanataaluma, watatoka ukumbini wakiwa na historia ya demokrasia kichwani na bila kujua jinsi ya kufunga sanduku. Ukiwafundisha wa kudumu kama makarani, utapata watu wanaokariri kanuni za uchaguzi uliopita. Yote mawili hutokea, na hutokea mara nyingi.

Saa ambayo mafunzo huwa yamekwisha

Ningeombwa kuchagua saa moja tu ya kumfundisha msimamizi wa kituo, nisingechagua ya kufungua kituo. Ningechagua ile inayoanza baada ya mpiga kura wa mwisho kutoka.

Mafunzo mengi hufuata mtiririko wa siku yenyewe. Asubuhi ukumbini watu hujifunza kupanga meza, kuonyesha kwamba sanduku ni tupu, kuweka lakiri, kumtambua mpiga kura, kumsaidia asiyeona au asiyeweza kutembea. Baada ya chakula cha mchana huingia maswali, mabishano kuhusu posho, na mkufunzi huanza kuitazama saa. Sehemu ya kuhesabu na kujaza fomu hufika jioni watu wakiwa wameshachoka, ikasomwa harakaharaka. Nayo ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, na ndiyo inayopelekwa mahakamani.

Tuchukue kituo kimoja cha kubuni tuone ugumu uko wapi. Msimamizi alikabidhiwa karatasi za kura 600. Jioni anahesabu zilizobaki bila kutumika: 187. Karatasi 4 ziliharibiwa na wapiga kura, wakazirudisha na kupewa nyingine. Basi ndani ya sanduku zinapaswa kuwamo karatasi 409. Anafungua sanduku mbele ya mawakala wa vyama, anahesabu, anapata 407.

Karatasi 2 hazipo. Huenda wapiga kura wawili walizitia mfukoni wakaondoka nazo. Hilo ni jambo la kawaida na halimpi mgombea yeyote kura hata moja. Huenda pia hesabu ya zilizobaki ilikosewa. Msimamizi aliyefundishwa vizuri anarudia hesabu mara moja, na tofauti ikibaki anaandika 407, anaandika kwamba karatasi 2 hazikuonekana, anawaonyesha mawakala, wanatia saini. Amemaliza kwa usalama.

Asiyefundishwa anaona kosa linalomkodolea macho. Ni saa 5 usiku, amekuwa kwa miguu tangu saa 11 alfajiri, gari la kubebea vifaa linapiga honi nje. Kichwani mwake hesabu lazima zikubaliane, kama vitabu vya duka. Basi anaigeuza 187 kuwa 189. Sasa jumla inakubali. Hakuna mgombea aliyepata wala kupoteza kura, lakini fomu ina tarakimu iliyofutwa, na nakala iliyo mikononi mwa wakala ina tarakimu tofauti na ile iliyokwenda kwenye kituo cha kujumlishia matokeo. Miezi mitatu baadaye wakili atazisimamisha karatasi hizo mbili mbele ya jaji, na msimamizi huyo hatakuwa na la kusema.

Si mfano wa kutia chumvi. Malawi ilipiga kura tarehe 21 Mei 2019. Tarehe 3 Februari 2020 majaji watano waliubatilisha uchaguzi wa rais, na jambo lililokaa katika kumbukumbu za watu ni wino mweupe wa kufutia makosa uliopakwa juu ya fomu za matokeo. Mahakama ya rufaa ilikubaliana nao mwezi Mei, na wananchi wakarudi vituoni tarehe 23 Juni 2020. Fomu iliyopakwa wino haisemi kama mkono ulioupaka ulikuwa wa mwizi au wa karani aliyechoka, na msomaji wake hana namna ya kuwatenganisha.

Hapa ndipo naona thamani halisi ya mafunzo, na ni tofauti na ile inayotajwa kwenye hotuba. Mafunzo hayamgeuzi mwizi kuwa mwaminifu. Yanafyeka vichaka anamojificha. Katika wilaya yenye fomu 400 ambazo 150 zimechafuliwa na makosa ya uchovu, fomu 5 za wizi hazitaonekana. Katika wilaya yenye fomu 400 safi, tano zile zitaonekana kabla ya jua kuchomoza.

Kwa hiyo nawaunga mkono wakufunzi wanaopindua ratiba: wanaanza asubuhi na mapema na fomu ya matokeo, wanawapa washiriki sanduku lenye karatasi zilizopigwa kura za mfano, zikiwamo zenye alama za utata, zenye alama mbili, zenye alama nje ya kisanduku, kisha wanawaambia wahesabu na kujaza. Makundi yote hukosea mara ya kwanza. Hapo ndipo somo linapoanza, kwa sababu mtu amekwisha kuliona kosa lake mwenyewe. Kufungua kituo na kupanga meza vinaweza kusubiri mchana. Hata aliyesinzia kidogo atakumbuka mahali pa kuweka meza.

Maji yanayopungua njiani

Tume haiwezi kumfundisha kila karani moja kwa moja. Hivyo hutumia mafunzo ya ngazi kwa ngazi: wakufunzi wa kitaifa huwafundisha wa mikoa, hao wa wilaya, hao nao huwafundisha wasimamizi wa vituo, na pengine wasimamizi ndio huwafundisha makarani wao. Kwenye karatasi ni mpango mzuri. Kwa hali halisi ni kama kupokezana maji kwa viganja: kila anayepokea anamwaga kidogo. Mafunzo ya siku 5 katika ngazi ya taifa huwa ya siku 3 mkoani, siku 2 wilayani, na yanapomfikia karani yamebaki masaa machache katika darasa lenye watu 100 na mwongozo mmoja kwa watu wanne.

Kumwaga kidogo si tatizo kubwa kama kilichomwagika kingekuwa kilekile kila mahali. Hatari ni kwamba kila mkufunzi humwaga kitu tofauti na kuongeza cha kwake. Wilaya moja inafundishwa kwamba kura yenye alama ya mviringo badala ya vema ni halali, jirani inafundishwa imeharibika. Sheria ni moja, kura ni ya mgombea yuleyule, lakini imehesabiwa huku na kutupwa kule.

Dawa zinajulikana. Ya kwanza ni kupunguza yanayopitishwa: kila ngazi ipokee kitini kilekile, video ileile fupi, zoezi lilelile na majibu yaleyale, ili mkufunzi wa chini awe anaendesha zoezi badala ya kutunga somo. Ya pili ni kuweka hatua ngumu ndani ya kifaa chenyewe. Fomu iliyobuniwa vizuri, yenye visanduku vinavyoongoza hesabu kutoka mstari mmoja hadi mwingine, ni mwalimu anayebaki kituoni baada ya wakufunzi wote kwenda kulala. Ya tatu ni kumpa msimamizi karatasi moja ya kukagua hatua, ya kuweka alama kila anapomaliza moja, kama marubani wanavyofanya kabla ya kuruka.

India inatoa mfano unaoonyesha kwa nini ukaguzi wa hatua unahitajika hata kwa watu waliofundishwa mara kadhaa. Kabla ya kituo kufunguliwa, msimamizi huendesha upigaji kura wa majaribio wa kura zisizopungua 50 mbele ya mawakala, ili waone mashine ya kupigia kura inahesabu sawasawa. Kisha anapaswa kufunga jaribio, kuonyesha matokeo, na kufuta kura hizo za majaribio. Wapo wasimamizi wanaosahau kufuta. Kituo kinafunguliwa, watu wanapiga kura, na jioni mashine inatoa jumla iliyozidi idadi ya waliojitokeza. Jambo hili limetokea kiasi cha tume yao kutoa maelekezo maalumu ya nini kifanyike na mashine kama hiyo. Kitendo kimoja, kisichochukua hata dakika, kinachofanywa wakati foleni imeshaanza kugonga mlango.

Mexico walichukua njia nyingine kabisa, na naipenda kwa ujasiri wake. Maafisa wa vituo huchaguliwa kwa bahati nasibu miongoni mwa wapiga kura wenyewe: hutolewa mwezi wa kuzaliwa, kompyuta ikachagua asilimia 13 ya waliomo kwenye daftari la kila eneo, halafu hutolewa herufi ya jina la ukoo ili kupunguza orodha zaidi. Wakufunzi huwafuata watu hao majumbani, mlango kwa mlango, kuwaeleza na kuwafundisha, na wanaokubali hufundishwa tena kwa awamu ya pili yenye mazoezi ya kuigiza siku yenyewe. Katika uchaguzi wa 2024 kulikuwa na vituo zaidi ya 170,000, vyote vikiendeshwa na majirani wa wapiga kura. Ni kazi nzito na ya gharama. Lakini mafunzo hayo yanafanya kazi mbili kwa mpigo, kwa sababu kila mtu aliyefundishwa kuhesabu anarudi mtaani akiwa shahidi wa jinsi kura zinavyohesabiwa.

Mwili nao una kikomo

Jambo hili husahauliwa, nami sitalipitia kwa haraka kwa sababu limegharimu maisha. Tarehe 17 Aprili 2019 Indonesia iliunganisha chaguzi tano katika siku moja: rais na ngazi nne za uwakilishi. Vituo vilikuwa zaidi ya 800,000 na maafisa wake ni mamilioni. Kuhesabu karatasi za aina tano, kwa mkono, na kujaza rundo la fomu kwa kila aina, kuliendelea usiku kucha na hadi siku iliyofuata. Tume ya nchi hiyo ilitangaza kwamba watendaji 894 walifariki, wengi kutokana na maradhi yaliyochochewa na uchovu, na maelfu wengine waliugua.

Hakuna somo la darasani ambalo lingemwokoa mzee mwenye shinikizo la damu aliyekesha saa 24 akihesabu kura. Kwa hiyo anayepanga mafunzo lazima awe na sauti pale kazi yenyewe inapopangwa: zamu zipo? Nani anapokea saa 2 usiku? Kuna maji, chakula, mahali pa kukaa? Afya imepimwa? Kwa uchaguzi wa 2024 Indonesia iliweka kikomo cha juu cha umri cha miaka 55 kwa maafisa wa vituo na kutaka uthibitisho wa afya. Wilaya inayoandaa mafunzo bila kugusa maswali haya inamfundisha mtu kufanya kazi ambayo mwili wake hauwezi kuimaliza, kisha inashangaa kwa nini fomu za saa 9 usiku zimejaa makosa.

Wale wanaobaki ofisini

Sasa kundi la pili. Hapa mfano maarufu ni wa Florida, Marekani, mwaka 2000. Katika kaunti ya Palm Beach, karatasi ya kura ya rais ilipangwa kwa kurasa mbili zinazotazamana, na matundu ya kutobolea yakiwa katikati. Sababu ilikuwa njema: wagombea walikuwa wengi, na ofisi ilitaka maandishi makubwa ambayo wazee wangeweza kusoma. Matokeo yake, mpiga kura aliyeona jina la mgombea wake likiwa la pili upande wa kushoto alitoboa tundu la pili, nalo lilikuwa la mgombea wa upande wa kulia. Uchaguzi mzima wa rais katika jimbo hilo uliamuliwa kwa tofauti ya kura 537.

Kilichokosekana pale hakikuwa uaminifu. Ni ujuzi wa usanifu, na zoea la kuijaribu karatasi kwa wapiga kura wachache kabla ya kuchapa maelfu. Leo ujuzi huo unafundishwa. Sheria ya mwaka 2002 iliunda chombo cha taifa cha kuzisaidia ofisi za uchaguzi za Marekani, na kuna programu za vyeti kwa watendaji wa kaunti, ikiwamo inayoendeshwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Auburn. Uingereza, chama cha kitaaluma cha wasimamizi wa uchaguzi kimekuwapo tangu 1987 na hutoa sifa zake. India ilianzisha taasisi yake ya mafunzo ya uchaguzi mwaka 2011, ikipokea pia maafisa wa nchi nyingine. Mjini Pisa, Italia, Shule ya Sant'Anna hutoa shahada ya uzamili ya sera na usimamizi wa uchaguzi, iliyoandaliwa pamoja na International IDEA, shirika la kimataifa linalosaidia demokrasia na uchaguzi. Na tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 upo mtaala wa BRIDGE, uliotengenezwa na tume ya Australia, International IDEA na Umoja wa Mataifa, baadaye IFES, shirika la kimataifa linalosaidia uchaguzi, na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, wakajiunga. Mtaala huo haumfundishi mtu kujaza fomu fulani ya nchi fulani. Unawaweka watendaji pamoja kujadili kanuni zilizo nyuma ya fomu: kwa nini kura ni siri, kwa nini kila karatasi ihesabiwe kabla na baada, nini hutokea tume inapoonekana inaegemea upande. Anayeelewa kwa nini, ndiye anayeweza kuamua vema siku ambayo mwongozo umenyamaza.

Hata hivyo vyeti havitoshi pale ambapo ofisi haina kumbukumbu. Mwaka 2013 Australia, nchi iliyoshiriki kutunga mtaala huo, ilipoteza karatasi 1,370 za kura za Seneti katika jimbo la Australia Magharibi, zikigundulika kukosekana wakati wa kuhesabu upya. Ushindi wa viti viwili vya mwisho ulitegemea tofauti ya kura chache mno katika hatua moja ya hesabu. Mahakama ilibatilisha, jimbo likarudia kupiga kura tarehe 5 Aprili 2014, na mkuu wa tume akajiuzulu. Uchunguzi ulioongozwa na Mick Keelty, aliyekuwa kamishna wa polisi, ulikuta ulegevu wa kawaida kabisa: namna masanduku yalivyofungwa, kubebwa na kuhifadhiwa ghalani. Nausoma mkasa huo kama onyo kwa kila tume yenye sifa nzuri. Sifa ni ya uchaguzi uliopita, wakati sanduku lililo mbele yako linabebwa na kijana aliyeajiriwa wiki iliyopita na msimamizi wa ghala ambaye hajawahi kuelezwa kwamba karatasi ya kura ina uzito tofauti na karatasi nyingine.

Kumbukumbu ya ofisi huvuja kwa njia tatu. Watu huondoka: uchaguzi ukiisha bajeti hukatwa, mikataba huisha, na waliojifunza kwa jasho huenda kutafuta riziki kwingine. Marekani, tangu 2020, wasimamizi wengi wa kaunti wameacha kazi, baadhi yao wakitaja vitisho dhidi yao na familia zao. Pili, maarifa hubaki kwa mzabuni: kampuni iliyouza mfumo ndiyo pekee inayojua kuuendesha, na watendaji wa tume wanabaki kusoma vioo vya kompyuta. Tatu, sheria hubadilika dakika za mwisho, miongozo ikachapwa upya, na mkufunzi akasimama mbele ya darasa na kitini kilichopitwa na wakati. Ndiyo maana Tume ya Venice, chombo cha Baraza la Ulaya cha ushauri wa sheria, katika miongozo yake ya 2002, inataka misingi ya sheria ya uchaguzi isibadilishwe ikiwa imebaki chini ya mwaka mmoja, na itifaki ya 2001 ya ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, inaweka miezi sita isipokuwa wadau wengi wa siasa wakubaliane. Kanuni hizo hutajwa kama ulinzi wa wagombea. Mimi naziona pia kama ulinzi wa karani.

Mexico waliziba sehemu ya uvujaji huo kwa kuunda utumishi maalumu wa uchaguzi mwanzoni mwa miaka ya 1990: watu huingia kwa mitihani ya ushindani, hupimwa, hupanda vyeo kwa kazi yao. Kijana anaweza kuamua kwamba usimamizi wa uchaguzi ndio kazi ya maisha yake, kama ualimu au uuguzi. Nchi nyingi bado hazina njia hiyo, na mtendaji mzuri hulazimika kuondoka ili apande.

Fomu ambayo kila mtu anaisoma

Kenya imebadilisha kitu kingine. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais wa tarehe 8 Agosti, na moyo wa kesi ulikuwa njia ya matokeo kutoka vituo 40,883 hadi kituo kikuu cha kujumlishia: fomu 34A, yaani za matokeo ya rais za kila kituo, zilizotakiwa kufika na kukaguliwa, na jinsi zilivyofika. Mwaka 2022 tume iliziweka picha za fomu hizo, kutoka vituo zaidi ya 46,000, kwenye tovuti iliyo wazi kwa yeyote. Mwanafunzi akiwa na simu aliweza kujumlisha mwenyewe.

Kwa anayepanga mafunzo, huo ni mgeuko mkubwa. Mwandiko wa mwalimu wa shule ya msingi aliyesimamia kituo kimoja kijijini sasa unasomwa na nchi nzima usiku uleule. Tarakimu 1 inayofanana na 7 ni habari. Fomu iliyokosa saini ya wakala ni habari. Uwazi huo nauunga mkono kwa moyo wote, na kwa sababu hiyohiyo naona ni uonevu kumwanika mtu mbele ya taifa baada ya kumfundisha kwa siku moja katika ukumbi wenye watu 100. Uwazi na mafunzo vinapaswa kukua pamoja.

Tovuti ya namna hiyo pia inatoa kipimo ambacho wakufunzi walikosa siku zote. Kwa kawaida mafanikio ya mafunzo huhesabiwa kwa mahudhurio: walioalikwa, waliofika, waliosaini posho. Hayo hayasemi nani alielewa. Lakini fomu zenyewe zinasema. Chukua fomu za wilaya moja, hesabu zenye jumla isiyokubaliana, zenye tarakimu zilizofutwa, zilizokosa saini, zenye kisanduku kilichoachwa wazi. Panga makosa hayo kwa jina la mkufunzi aliyefundisha kila kundi. Itaonekana kwamba kisanduku fulani kimekosewa na robo ya watu nchi nzima; hapo fomu ndiyo mbovu, nayo ibuniwe upya. Itaonekana pia kwamba kosa jingine limejaa katika makundi ya mkufunzi mmoja tu. Hapo ni yeye wa kurudishwa darasani. Kazi hiyo inahitaji watu wachache, meza, na wiki kadhaa, na inapaswa kufanyika katika miezi miwili ya kwanza baada ya matokeo, wakati wasimamizi wa vituo bado wanapatikana kwa simu na bado wanakumbuka ni kwa nini usiku ule walifuta ile 187.